Mboji ya Kumwonyesha Mama Mkwe

Jumapili, 11 Mei

Siku ya akina mama. Nimempigia mama mkwe simu kabla ya waume wote wa dada za mke wangu Njeri. Wa kwanza! Wale madereva wa malori kule Texas walikuwa bado wanakoroma.

Nilipomaliza kumtakia heri, akanipa habari. Viza ya Marekani imetoka. Anafika Jumamosi ya tarehe ishirini na nne. Hataki kupelekwa madukani. Hataki kuona ziwa wala maporomoko. Anataka jambo moja tu, kuona shamba langu.

Shamba langu!

Sina budi kueleza, hata kama anayesoma ni mimi mwenyewe. Mwaka jana nilimtumia mama mkwe picha. Nimesimama na jembe kando ya kilima cha mboji nyeusi, nyuma yangu sukuma wiki imefika kiunoni. Picha ni ya kweli. Jembe ni la kweli. Ila bustani ni ya jirani yetu Mama Elisée, na jembe pia ni lake. Sikusema ni yangu. Nilisema tu, “Mama, hapa ndipo ninaposhinda.” Mengine alijimalizia mwenyewe.

Kabla ya picha ile aliniita “yule wa Njeri.” Siku ya posa aliitazama mikono yangu, mikono ya muuza simu wa Thika, akauliza kama nimewahi kushika jembe hata kwa bahati mbaya. Baada ya picha akaanza kuniita “mkulima wangu.” Wale wengine wana malori, wana nyumba zenye gereji mbili. Hakuna aliyepewa jina. Nimepewa mimi. Na siliachii!

Njeri anasema nimwambie ukweli leo hii, kungali mapema. Njeri ni muuguzi. Wauguzi wana haraka sana ya kutoa habari mbaya.

Jumatatu, 12 Mei

Uamuzi: nitatengeneza mboji yangu mwenyewe. Ninahitaji kilima kimoja tu cha kuonyesha.

Nimeenda kwa Mama Elisée kupeleleza. Jina lake ni Uwamariya, mjane wa kutoka Masisi, Kongo, na hapa Frogtown, mtaa wetu wa Minnesota, hakuna asiyemjua kwa sauti. Kati ya ua wake na wetu kuna uzio wa waya tu. Upande wetu ni nyasi. Upande wake, hebu niandike vizuri, maana panastahili.

Ana masanduku matatu ya mbao za paleti, kila moja linanifika kifuani. La kwanza ni la vitu vibichi: maganda ya ndizi na viazi, majani ya chai, maganda ya mayai, machicha ya kahawa anayowekewa na mgahawa mmoja wa University Avenue, na juu yake majani makavu aliyoyaweka akiba tangu vuli. La pili linafuka mvuke asubuhi. La tatu ni la mboji iliyo tayari. Nyeusi, nyepesi, inapita vidoleni. Haina harufu ya taka hata chembe. Inanukia ardhi wakati mvua ndiyo kwanza inaanza. Nilisimama pale nikasahau kilichonipeleka. Mwanamke mmoja, jembe moja la meno, na maganda ambayo mtaa mzima unatupa! Ningekuwa na kofia ningeivua.

Nikamuuliza kama mtu anayepitisha muda tu, mboji huchukua muda gani. Akasema mtu mwenye bidii, miezi mitatu. Mtu wa kawaida, mwaka. Akaniangalia kuanzia juu hadi chini, akaongeza mwaka mwingine.

Jumanne, 13 Mei

Yeye ana miaka. Mimi nina akili.

Ninafanya kazi katika nyumba ya wazee kule Eden Prairie, na leo walikuwa wanakata nyasi. Mifuko na mifuko! Nikamwomba mkata nyasi anipe zote. Alinishukuru. Nikajaza buti la gari, nikajaza kiti cha nyuma, na mfuko mmoja nikaufunga mkanda mbele kama abiria. Kufika katikati ya barabara ya 494, nyasi zikaanza kutoa joto. Vioo vikaingia ukungu. Nikaendesha nimetoa kichwa nje.

Nimerundika zote nyuma ya nyumba. Juu yake nikaongeza vya jikoni, tena vya nguvu: ugali wa Jumapili, sufuria ya mukimo, mchuzi wa mbuzi na mifupa yake. Mama Elisée anatumia maganda tu. Niliona nikiweka chakula chenyewe, mboji itashiba na kuiva mapema.

Njeri ameuliza mukimo wake wa kubeba kazini umeenda wapi. Nimesema umeenda mbele.

Alhamisi, 15 Mei

Rakuni! Wale wanyama wa usiku wenye barakoa usoni, wezi wa mapipa ya taka.

Nimeamka nikawakuta mama na watoto wake wamekaa juu ya kilima changu, wanakula kwa mikono, bila wasiwasi, kama wageni wa harusi. Mama yao alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyechelewa. Ugali wote umekwisha. Mifupa wameitawanya hadi kwenye ngazi za jirani wa upande wa pili.

Na nyasi! Zimegeuka uji wa kijani. Harufu siwezi kuiandika. Tarishi wa posta ameacha barua zetu kwenye uzio akaondoka kwa hatua ndefu.

Mama Elisée amesimama kwenye waya, mkono kiunoni, akauliza kama nimefungua hoteli. Akauliza rakuni hulipa kabla au baada ya kula. Nikacheka naye ili isionekane nimeumia. Nimeumia.

Jumamosi, 17 Mei

Leo Mama Elisée amenihurumia. Au ameihurumia pua yake. Ameingia uani kwetu na jembe lake la meno, hakubisha hodi, akasema, “Baba Ken, simama kando.” Mimi si baba wa mtu bado, lakini kwa watu wa kwao mwanaume mzima haitwi jina tupu. Nilisimama kando nikajisikia mzito kidogo.

Akatoa kila kilichopikwa, akakizika mbali. Akanituma kwenye uchochoro nikalete ile mifuko ya karatasi ya majani makavu ambayo watu wameweka nje ichukuliwe. Halafu akaanza. Safu ya majani makavu, safu ya nyasi, safu ya makavu tena. Alinipa mpira wa maji, na kila nilipozidisha alisema hapana, iwe kama kitambaa cha kudekia ulichokikamua. Alikuwa anachukua konzi, anabana, anaangalia, anatupa. Mwisho akaleta ndoo ya mboji yake mwenyewe, ile ya sanduku la tatu, dhahabu ile! Akaimwaga katikati, kama chachu kwenye unga wa mandazi.

Sijawahi kuona mtu anafanya kazi hivyo. Ana umri wa mama yangu, na hakupumzika. Harufu ikaisha tukiwa tumesimama pale pale. Nilitaka kumwambia hivyo, kwamba anachofanya ni kitu kikubwa, nikaishia kusema ahsante. Akanijibu nisiiguse.

Jumatatu, 19 Mei

Hatari! Lakini nimeidhibiti.

Nimetoka kazini nikaenda kuisalimia mboji yangu. Nikaweka mkono juu. Moto! Nikakimbilia jikoni nikachukua kipimajoto cha nyama, kile alichonunua Njeri kwa ajili ya bata mzinga wa Novemba. Nikakichomeka katikati.

Kwa wazee wetu kule Eden Prairie, kwa Farenhaiti za huku, mia moja ni homa ya kumwita muuguzi. Mia na tatu ni ambulensi. Kilima changu kilikuwa mia moja arobaini na tatu!

Miaka sita ya kuhudumia wagonjwa haikuwa bure. Sikubabaika. Nikaifunua nguo, yaani nikaondoa majani ya juu. Nikaitandaza ipate hewa. Nikaipooza kwa maji baridi, taratibu, kuanzia pembeni. Nikavuta waya wa umeme hadi uani nikaiwashia feni. Kufikia jioni imeshuka hadi sabini na mbili.

Ninalala nimeridhika sana. Mtu mwingine angeipoteza.

Jumanne, 20 Mei

Nimeipoteza.

Mama Elisée amekuja asubuhi akaona feni. Akaniuliza, nikamweleza hatua zote za huduma ya kwanza. Akashika kichwa. “Umeua moto! Ule moto ndio ilikuwa kazi yenyewe!” Akanieleza kwamba ndani kuna vijidudu visivyoonekana, mamilioni, vinakula na kufanya kazi, na joto ni jasho lao. Kumbe nilikuwa nimewamwagia vibarua wangu maji baridi, kisha nikawawashia feni ili waondoke kabisa.

Alicheka hadi akakaa juu ya ndoo. Kisha akafuta macho, akarundika upya, akasema watarudi wenyewe nikiwaacha. Watarudi lini? Hakuna anayejua. Mama mkwe anafika Jumamosi!

Kabla hajaondoka ameniomba jambo. Anakwenda Des Moines kesho kutwa, kwa ubatizo wa mjukuu, anarudi Jumatatu. Niinyweshe miche yake, basi. Nisiguse kitu kingine. Amelisema hilo mara mbili.

Hatakuwepo hadi Jumatatu! Nimekaa kwenye ngazi nikautazama ule uzio wa waya kwa muda mrefu.

Ijumaa, 23 Mei

Sikugusa mboji yake. Sikugusa miche yake, nimeinywesha tu. Nimetoa uzio.

Ni mpango safi kuliko yote niliyowahi kubuni. Siibi, sisemi uongo, siharibu. Ua wake na wetu umekuwa ua mmoja, mpana, na mgeni akiuliza shamba liko wapi, nitanyoosha mkono na kusema ni hili. Waya nimeukunja vizuri, nimeuficha nyuma ya gereji. Misumari nimeiweka kwenye kopo. Jumatatu alfajiri kila kitu kitarudi mahali pake.

Nimefanya mazoezi ya kutembea humo kama mwenyewe. Mikono nyuma. Kuinama mara moja moja. Mbele ya sanduku la tatu nikapiga magoti bila mazoezi, kuinusa tu. Wallahi, mtu aliyetengeneza hii alipaswa kujengewa sanamu.

Njeri ameniambia kwamba yeye hayumo. Hatasema, lakini akiulizwa atajibu. Nimemwomba asiulizike.

Jumamosi, 24 Mei

Amefika! Nimempokea uwanja wa ndege na maua. Ameshika maua kwa mkono mmoja, akauliza kama nimeyapanda mimi. Nikakohoa.

Nyumbani hakukaa. Hakunywa chai. Amepita sebuleni na suti yake ya safari, akatokea mlango wa nyuma, akashuka ngazi. Akasimama. Akatazama vitunguu saumu vilivyochomoza, miche ya sukuma imejipanga, lengalenga, mchicha wa kwao, ndio inatoka. Kisha akaona masanduku.

Akavua saa, akanipa niishike. Akapiga magoti, akazamisha mkono kwenye mboji hadi kwenye kiwiko. Akatoa konzi, akanusa, akafumba macho. Alipoyafumbua yalikuwa na machozi. Akasema mboji kama hii hajaiona tangu mama yake afariki. Walikuwa wanaitengeneza wawili, nyuma ya jiko, na hakujua kama kuna mtu bado anaijua.

Hapo ndipo ningesema. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Nikasikia mdomo unasema, “Tunajitahidi tu, mama.”

Akainuka. Akachukua mkono wangu, akaugeuza, akautazama upande wa kiganja. Nadhani aliutazama muda mrefu kidogo. Halafu akaupigapiga na kuniachia.

Baraka hiyo! Mkulima wake!

Jumapili, 25 Mei

Tumekwenda kanisani mimi na Njeri. Mama mkwe akabaki, usingizi wake bado uko kijijini kwao Kangema. Kurudi, nimechungulia dirisha la jikoni.

Mama Elisée amerudi. Watu wa kanisa lake walipata gari la mapema.

Walikuwa wawili uani, wanageuza mboji kutoka sanduku la pili kwenda la tatu. Mama mkwe anatupa kwa jembe, Mama Elisée ananyunyiza maji. Mmoja akiinama mwingine anainuka. Mmoja akisimama kubana konzi, mwingine anangoja jibu la uso wake. Watu ambao hawajawahi kuonana! Nilikuwa katika hatari kubwa ya maisha yangu na bado sikuweza kuondoa macho. Njeri naye alisimama nyuma yangu anatazama, mkoba bado begani.

Kisha Mama Elisée akaonyesha kwa kidevu kule kwenye miche ya sukuma.

Hakukuwa na miche.

Sungura! Uzio ulikuwa wa sungura! Wameingia wakala safu zote, wameacha vijiti. Ile miche aliiotesha dirishani tangu Machi, theluji ikiwa nje, akiigeuza kila siku ifuate jua. Nilikuwa nikiiona nikienda kazini. Hili limeniuma. Limeniuma kweli, kuliko kuumbuliwa.

“Ken! Kuja hapa.”

Ken. Si mkulima wangu. Nikatoka. Wote wawili wakanitazama, mmoja na jembe, mwingine na mpira wa maji. Nikaeleza kwamba Ijumaa kulikuwa na upepo mkali usio wa kawaida, na uzio ukang'oka.

Mama Elisée akasema upepo wa Minnesota una adabu sana, umekunja waya vizuri, na misumari umeiweka ndani ya kopo.

Nikaomba radhi. Nilianza kwa mama mkwe, akanigeuza kwa mabega nielekee kwa mwenye miche. Nikamwomba Mama Elisée radhi mbele yake, yote, tangu ile picha. Aliisikiliza hadi mwisho. Akasema miche nitaitafuta mimi, uzio nitaurudisha leo, na kila Jumamosi nitageuza mboji, yake na yangu, hadi majani yaanguke. Nikasema ndiyo, mama.

Mama mkwe ndipo akasema alijua tangu mwaka jana. Katika picha viatu vyangu vilikuwa vyeupe pepepe. Na bado aliionyesha picha ile kijiji kizima! Nikamuuliza kwa nini. Akakung'uta udongo mikononi.

“Hao wengine hunitumia picha za malori. Ni wewe peke yako ulitafuta udongo wa kujivunia. Nikasema, huyu hajui kulima, lakini kizuri kikiwa mbele yake anakiona.”

Nimelia kidogo. Ningesema ni vumbi, lakini mboji nzuri haina vumbi.

Jumamosi, 31 Mei

Malengelenge mikono yote miwili. Nimegeuza masanduku matatu na kilima changu. Mama Elisée ameketi kwenye ndoo, mama mkwe kwenye kiti, wananisahihisha kwa zamu na kubishana kuhusu maganda ya machungwa. Miche mipya imeshika. Na kilima changu kimepata moto tena! Nimepima, mia moja thelathini na nane. Sikukigusa. Nimekaa kando yake mikono magotini, kama mtu aliyeleta mtoto kliniki akaambiwa ni mzima. Vibarua wangu wamerudi. Walinisamehe pia.

Nimejiapiza leo, hapa, kwa wino: sitasema uongo tena maishani. Haunifai. Ukweli umenipa zaidi.

Mchana mama mkwe akapigiwa simu ya video na wanawake wa chama chake cha Kangema. Nikashika simu ili wamwone akiwa kazini. Wakapiga vigelegele. Wakaulizia kila sanduku. Mwenyekiti wao, mama mmoja mwenye miwani, akauliza kama bustani hii yote ni yangu.

Swali rahisi. Jibu la kweli lilikuwa mdomoni tayari, nikalitoa: “Hapana, mama. Hii ni ya jirani yetu, ndiye mwalimu wangu.” Mama Elisée akanyoosha mgongo. Mama mkwe akatikisa kichwa kwa furaha. Nilijisikia mwepesi ajabu. Mwepesi mno. Nikasikia mdomo unaendelea: “Shamba langu liko Savage, kando ya mto. Ekari kumi. Hapa ninakuja kupumzika tu.”

Jembe la Mama Elisée likaanguka. Mama mkwe akageuka, akanitazama. Nikangoja kuzikwa. Akainyakua simu, akaisogeza karibu na uso wake.

“Na hajawaambia ng'ombe.”

Mwenyekiti akauliza ng'ombe gani. Mama mkwe akasema ni wa maziwa, weusi wenye mabaka meupe, atawaonyesha Jumapili ijayo baada ya ibada. Akakata simu.

Njeri aliingia ndani akafunga mlango wa chumba. Mama mkwe akafuta mikono kwenye leso polepole, akauliza bila kuniangalia Savage ni mbali kiasi gani. Nikamwambia si mbali.

Nimeshaulizia. Mzee mmoja pale kazini ana binamu upande huo, ana ng'ombe wawili. Ni wa kahawia, wote. Hilo ni jambo dogo. Nina wiki nzima.